Mkrismasi Uliotazama Ukuta

Mtoto alikuwa anakwangua pembe ya karatasi kwa ukucha wa kidole gumba.

Ilikuwa siku ya kufunga shule, Desemba iliyopita, na darasa letu la awali lilikuwa limejaa wazazi hadi mlangoni. Mvua ilikuwa bado haijashuka. Mnaoishi Dodoma mnalijua lile joto la kuisubiri, mabati yanaalika na hakuna jani linalotikisika. Ukutani nilikuwa nimebandika miti ya Krismasi 31, safu tatu zilizonyooka, kila mti na nyota yake juu na jina la mtoto chini kwa mwandiko wangu. Wazazi walikuwa wanapiga picha kwa simu, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeridhika.

Yeye hakuwa na habari na simu. Alisimama mbele ya karatasi yake, anaingiza ukucha, anavuta kidogo, anachungulia nyuma, anavuta tena.

"Wewe, acha kuharibu kazi ya mwalimu," mama yake akamwambia.

Nami nikadakia kutoka upande wa pili wa darasa: "Acha baba, utaichana."

Akaacha. Akaweka mikono nyuma, akabaki anaitazama ile karatasi mpaka mama yake alipomshika mkono wakaondoka.

Kazi ya mwalimu.

Nimetembea na maneno hayo wiki saba sasa. Yule mama hakuwa na nia ya kunisema. Alisema kitu cha kweli tu, bila kujua uzito wake, na mimi ndiye niliyebaki nacho.

## Nilichokikuta nyuma

Jioni, darasa likiwa tupu, nilipanda kwenye kiti nikaanza kubandua. Gundi yetu ni uji mzito wa unga wa ngano, ukikauka unashika kama saruji. Karatasi yake niliiacha mwisho. Nilianzia pale pale alipokuwa anakwangua.

Nyuma kulikuwa na mti mwekundu.

Haukuwa na pembe tatu wala nyota. Ulikuwa umetanda kwa pande zote kama mwavuli uliofunguka, umepakwa kwa kidole, alama moja moja, nyekundu juu ya nyekundu. Na ndani ya kila kundi la alama nyekundu palikuwa na alama moja ya rangi nyeupe. Nilisogea dirishani kuitazama vizuri. Si moja hapa na moja pale. Kila kundi lilikuwa na nyeupe yake moja.

Nusu ya mti ilibaki ukutani. Gundi ilikuwa imeshika upande ule.

Hapo ndipo nikakumbuka. Siku nne kabla ya hapo niliwagawia karatasi zenye mti nilioutoa kwenye intaneti na kuutoa kopi. Niliwaambia kijani kwenye majani, kahawia kwenye shina, njano kwenye nyota. Nilipofika kwenye meza yake nilimkuta amegeuza karatasi, ana kidole ndani ya rangi nyekundu hadi kwenye fundo. Nikamwambia, kwa upole kabisa, "Geuza, baba. Kazi iko huku." Akanitazama. Akageuza. Akapaka kijani.

Nusu saa baadaye alinifuata: "Mwalimu, ni hivi?"

Nikamwambia ndivyo.

"Nimemaliza?"

Nikamwambia umemaliza, mzuri sana.

## Mti wenyewe

Kwetu mkrismasi ni ule mti wa kivuli unaowaka maua mekundu mwisho wa mwaka, pamoja na joto. Uko mmoja kwenye uwanja wa shule, karibu na tangi la maji, na watoto wanakula uji chini yake kila siku. Ukiokota ua lake na kulitazama kwa makini utakuta petali tano. Nne ni nyekundu tupu. Ya tano imesimama peke yake, ina weupe wenye madoadoa na michirizi myekundu.

Nina miaka 38 na nimekaa chini ya miti ile tangu utotoni. Tulikuwa tukitumia maganda yake makavu kama kayamba, tukitikisa mbegu. Petali ya tano sikuwahi kuiona mpaka mtoto wa miaka mitano aliponionyesha, tena kwenye karatasi niliyokuwa nimeigeuzia ukutani.

Sitaki mtu anielewe vibaya hapa. Sisemi mti wa kijani ni wa Wazungu na mwekundu ni wetu. Desturi ya kupamba msonobari ndani ya nyumba ilienea kutoka Ujerumani, ndiyo, lakini hata huu mkrismasi wetu asili yake ni Madagaska. Yote miwili ni migeni Ugogoni. Tofauti ni kwamba mmoja ulikuwa unamdondoshea maua kwenye kikombe cha uji, na mwingine ulitoka kwenye mashine ya kopi. Nilimwambia "chora Krismasi", akachora ile aliyoiona. Mimi nikamwambia kazi iko huku.

## "Ni hivi?"

Likizo ilipoanza nilikuwa na karatasi kumi na mbili zilizobaki. Pale tunapopanga, upande wa Nzuguni, uwanja mmoja tunautumia kaya nne, na watoto wadogo wako saba. Nilitandika mkeka barazani nikawagawia. Nilitaka kusikiliza kitu kimoja tu.

Mwalimu, ni hivi? Anti, ni hivi? Na hapa niweke gani? Nimetoka nje ya mstari, nifanyeje? Ni hivi?

Niliacha kuhesabu nilipopita ishirini. Walikuwa wanapaka huku wananitazama mimi, kama mtu anayevuka barabara. Aliyetoka nje ya mstari aliificha karatasi tumboni.

Yule mtoto wa darasani aliniuliza upande wa kijani. Upande mwekundu hakuniuliza kitu.

Kesho yake nikafanya kinyume. Karatasi tupu, rangi zote katikati, nikawaambia kwa furaha kabisa: "Leo choreni mnachotaka!"

Nilidhani nimewafungulia mlango. Watatu walichora nyumba yenye bendera na jua kwenye kona, ile ile wanayochora siku zote. Mmoja alitia rangi zote kwenye kikombe kimoja akaondoka. Na binti mmoja, mpole, wa miaka minne, alikaa na karatasi yake tupu muda mrefu sana. Nilipomwinamia kumuuliza, machozi yakamtoka. "Sijui unataka nini," akasema.

Sijui unataka nini.

Nilimsimulia mwalimu mwenzangu kwa simu. Ana uzoefu kunizidi, na jibu lake halikuwa na ukali: "Mtoto anataka kushikwa mkono, mwenzangu. Ukimwachia jangwani utamwambia yuko huru?" Sikulala vizuri. Alikuwa na hoja. Kama kopi inamfunga mtoto, na karatasi tupu inamliza, basi mimi namfundisha nini? Kwa siku mbili tatu niliamini kabisa kwamba Januari nitarudi kwenye kopi zangu, na kwamba mti mwekundu ulikuwa wa mtoto mmoja mwenye kipaji na si jambo la kulifanyia sheria.

## Sehemu ya chini ya ukuta

Krismasi tulikwenda Kondoa. Ukoo wetu una watu wa Krismasi na watu wa Idi, na kila upande unakula kwa mwenzake. Siku ya pili mjomba alikuwa na safari ya Kolo, nikaomba lifti nikaone michoro ya mapangoni, ambayo nilikuwa sijaitazama tangu ziara ya shule ya msingi.

Inajulikana duniani. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini safari hii sikuwa natafuta historia. Nilikuwa natazama mikono. Watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, pofu, na juu ya mgongo wa mnyama mmoja mtu mwingine amechora mnyama wake, na juu ya huyo mwingine tena. Hakuna aliyekwangua cha mwenzake kwanza. Nilisimama pale nikawaza ule uso wa karatasi niliouziba kwa uji wa ngano.

Jioni nilimsimulia bibi. Bibi ni mtu wa Idi, amezeeka, macho yamefifia lakini maneno bado. Akaniuliza: "Kwani umesahau tulivyokuwa tunakandika?"

Nilikuwa nimesahau.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, bibi na shangazi zangu walikuwa wanaisiriba nyumba upya. Udongo mwekundu kutoka korongoni, udongo mweupe kutoka upande wa mtoni, majivu kidogo. Sehemu ya juu ya ukuta walifanya wao, kwa mistari yao. Sehemu ya chini, kutoka ardhini hadi pale mkono wa mtoto unapofika, ilikuwa yetu. Tulipewa kibuyu cha tope na kuachwa. Tulipiga viganja, tulichora ng'ombe, tulichora baiskeli ya babu, tulifuta, tulipiga tena.

"Mlikuwa hamtusahihishi?" nikamuuliza.

"Tukusahihisheni nini? Mvua inakuja kusahihisha." Akanyamaza kidogo. "Lakini tulikuwa hapo hapo. Mkituona tunapaka, na nyie mnapaka."

Hapo kitu kikakaa sawa kichwani mwangu. Hatukuambiwa "choreni mnachotaka". Tulikuwa na ukuta, tulikuwa na tope, tulikuwa na Idi inayokuja, harufu yake tayari iko jikoni, na wakubwa wako kazini juu ya vichwa vyetu. Kitu cha kushika kilikuwepo. Jibu tu ndilo halikuwepo.

Yule binti aliyelia sikumpa hata kimoja kati ya hivyo. Nilimpa karatasi nyeupe na uso wangu unaosubiri.

## Kupika rangi

Nilirudi Dodoma na mfuko wa udongo mwekundu niliouchota kwenye korongo nyuma ya shamba la mjomba. (Wa mapangoni hauguswi, na hauna haja ya kuguswa, wekundu umejaa Kondoa nzima.) Tangu hapo rangi za dukani nimezipunguza. Bei ni sababu mojawapo, lakini kubwa zaidi ni kwamba mtoto akiipika rangi mwenyewe anafika kwenye karatasi akiwa tayari ana jambo la kusema.

Nitaeleza tunavyofanya, kwa sababu wengi mmeniuliza.

Msingi ni uji. Kijiko cha chakula cha unga wa ngano kwa kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, pika kwa moto mdogo hadi uwe mwepesi kama uji wa mtoto mchanga. Ukipoa, gawa kwenye vikombe na kila kikombe kipewe rangi yake. Udongo unapondwa, unalowekwa, unaachwa mchanga ushuke, halafu yale maji ya tope ya juu ndiyo yanayomiminwa kwenye chombo kingine na kuachwa yatuame. Ule ulaini unaobaki chini ndio rangi. Mkaa unasagwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Binzari ya manjano inaingia kama ilivyo. Choya, yale maua mekundu makavu ya kutengenezea juisi, unaichemsha na maji machache hadi yakolee.

Halafu magadi.

Hili nililigundua kwa bahati, mtoto alipochovya kidole chenye magadi kwenye kikombe cha choya. Wekundu ulikimbia mbele ya macho yetu, ukawa zambarau, ukawa kama bluu, ukaishia kwenye kijani cha giza. Watoto walipiga kelele hadi jirani akatoka na mwiko mkononi. Tukakamulia limau, wekundu ukarudi. Tukajaribu kwenye binzari: magadi yakaigeuza nyekundu ya matofali. Asubuhi ile hakuna aliyeniuliza "ni hivi?", na hata mimi sikuwa najua ni vipi. Nilikuwa nimechuchumaa nao.

Brashi zetu ni miswaki ya mti, ile inayouzwa kwa fungu sokoni Majengo. Unatafuna ncha mpaka nyuzi zifunguke, unapata brashi inayoshika rangi kuliko zile za plastiki zinazonyonyoka. Kila mtoto na wake, uliowekewa alama ya uzi, hakuna kubadilishana. Karatasi kubwa tunazipata kwenye mifuko ya saruji: tabaka la ndani lisilogusa saruji, lililokung'utwa na kupanguswa vizuri na mtu mzima kabla mtoto hajalishika.

Mawili siyaruhusu hata kwa dakika moja. Unga mweusi wa betri, ambao wengi wetu tuliuona ukipaka ubao shuleni, hauna nafasi karibu na vidole vya watoto. Na rangi ya mafuta iliyobaki fundi alipopaka geti, hata ikiwa kidogo, hata ikiwa nzuri namna gani, irudi stoo.

Binzari inashika nguo na haitoki. Vaeni mashati ya zamani ya baba.

## Asubuhi ya sikukuu

Mara ya tatu sikusema "choreni Krismasi" wala "choreni mnachotaka". Niliweka katikati ya mkeka tawi la mkrismasi, kipande cha kitenge kipya, sahani ya bati na iliki chache. Nikawaacha washike na kunusa. Kisha nikauliza swali moja: "Siku ya sikukuu mlipoamka, kitu gani kilikuwa tofauti?"

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nilibana ulimi kwa meno.

Mvulana mmoja alipaka karatasi nzima mkaa. Nyeusi tii. Zamani ningemwambia "weka na rangi nyingine basi, ipendeze". Aliposhiba kupaka, alichovya ncha ya mswaki kwenye binzari akaweka nukta moja chini kabisa, karibu na kona. Nikasema tu, "Nisimulie." Akasema: "Bado usiku. Mama anachoma maandazi."

Jiko la mkaa, saa kumi alfajiri, mlango wa jikoni uko wazi. Nimeliona mara ngapi mimi?

Mwingine alichora viatu viwili vikubwa kuliko mtu. Mwingine alichora basi la Singida, halafu akapaka vumbi juu yake lote likapotea, na alipomaliza alikuwa anajua bado limo. Yule binti aliyelia alikaa na iliki puani muda mrefu. Nilijilazimisha kutomtazama. Baadaye nilimwona anapaka njano kwa kiganja, kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuniletea. Mama yake ndiye aliyekuja kunionyesha jioni. Alikuwa amemwambia ile ni harufu.

Na alikuwepo mmoja ambaye asubuhi nzima hakuchora chochote. Alimimina magadi kwenye choya, limau kwenye choya, magadi tena, na karatasi yake ikalowa ikachanika ikawa matope. Alikuwa na furaha kuliko wote. Wenzake walibeba michoro kwenda kwao, yeye alibeba mikono ya kijani.

Huyo ndiye ananisumbua nikifikiria darasa la watoto 31 na wazazi wanaolipa ada. Kwake nitabandika nini ukutani?

## Wasiwasi ambao haujaisha

Wazazi wana haki ya kuuliza. Mama mmoja aliniambia Januari hii, kwa heshima zote: "Mwalimu, mwanangu akipaka ndani ya mistari naona mkono wake unakomaa. Haya matope yanamsaidia kuandika?" Nilimjibu kwamba kuandika tunafanya, kila siku, kwa mistari yake na herufi zake, na pale nasahihisha kweli kweli. Herufi "a" ina namna yake, tumekubaliana wote. Sikukuu ya nyumbani kwao haina kopi. Nikamwonyesha pia mkono wa mtoto unavyobana mswaki kwa vidole vitatu ili kupaka petali moja. Aliitikia kwa kichwa. Sina hakika kama alikubali au aliniheshimu tu.

Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, alikuwa ameshaonya juu ya vitabu vya kupaka rangi tangu mwaka 1947. Kwa ufupi, mtoto akishazoeshwa mchoro wa mtu mzima anaanza kuuona wake haufai. Nilisoma hilo chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikalipatia. Halafu nikaenda kutoa kopi 31.

Ndiyo maana sitaki kumlaumu mwalimu yeyote anayefanya nilichokifanya. Kopi ni rahisi kwa mtu mwenye watoto wengi na dakika arobaini. Ukuta unakuwa safi, mkuu anafurahi, mzazi anapiga picha. Ambaye sikumwona ni anayelipa gharama yake: mtoto.

Jambo jingine gumu: "Mwalimu, nichoree kuku." Ukikataa unamvunja moyo, ukimchorea umemwambia kuku wake hafai. Sasa hivi namshika mkono tunakwenda kumtafuta kuku. Tunamfuata nyuma ya choo, tunahesabu vidole vya mguu, tunaona mkia umekaa wapi. Tukirudi, mara nyingi anachora. Mara nyingine hachori, ananisimulia tu jinsi kuku alivyokimbia.

Ukutani sibandiki tena kwa uji. Nimefunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha na tunaning'iniza kwa vibanio vya nguo, na mtu akitaka kugeuza anageuza. Chini ya kila mchoro naandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Michoro ya binzari iliyokaa karibu na dirisha ilipauka ndani ya wiki mbili, watoto wakaja kunishtakia jua. Ya udongo wa Kondoa haikubadilika hata kidogo. Wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu, jua halikiwezi hicho. Nikawaambia kuna watu walipaka kwa wekundu kama huo kwenye miamba ya Kolo zamani sana na bado unaonekana. Mmoja akauliza kama walikuwa na mwalimu.

## Januari

Alirudi shuleni akiwa na sare mpya inayomfika magotini. Nilimsubiri hadi wenzake walipotoka kwenda kunywa uji. Nilikuwa nimeitunza ile nusu ya karatasi ndani ya daftari langu la maandalio.

"Baba," nikamwambia, "mwezi ule nilikukosea. Huu ulikuwa mti wako na mimi niliugeuzia ukutani. Nisamehe."

Aliishika kwa mikono miwili. Aliitazama pale ilipochanika, kisha akainua macho hadi ukutani, safu ya pili, karibu na swichi ya taa, ambako wekundu kidogo bado umeshika kwenye rangi ya ukuta. Alikwenda akaweka kidole juu yake.

"Kingine kiko hapa," akasema.

"Kiko hapo. Nilishindwa kukitoa."

Nikamuuliza kama angependa kuuchora tena mkrismasi. Nilikuwa nimeandaa rangi nyekundu ya choya na limau kwa ajili yake, kikombe kizima, na nyeupe ya chokaa ya ubaoni niliyoisaga usiku. Aliitazama. Kisha akaenda dirishani, akasimama kwa ncha za vidole kuutafuta mti karibu na tangi.

"Hauna maua," akasema. "Sasa hivi una mapanga."

Ni kweli. Maua yalikuwa yameisha na maganda marefu yalikuwa yameanza kuning'inia. Akasogeza kikombe changu chekundu pembeni, akavuta kile cha kijani cha giza tulichokipata kwa magadi, akatafuna ncha ya mswaki wake. Panga la kwanza alilianzia juu kabisa ya karatasi akalishusha polepole, refu, likafika mwisho wa karatasi, likaendelea hadi mezani.